Picha Isiyo na Kichwa

Nilijifunza kupiga picha katika kambi ya Lukole, miaka ile ya wakimbizi, nikiwa kijana niliyemaliza darasa la saba na kukosa pa kwenda. Hatukupiga picha nzuri. Tulipiga picha za vitambulisho: kichwa katikati, masikio yote mawili yaonekane, macho wazi, nyuma shuka jeupe. Fundi wangu alikuwa Mrundi, mtu mwembamba asiyecheka, aliyepima joto la dawa kwa kiwiko kama mama anavyopima maji ya kumwogesha mtoto. Alinifundisha kusafisha mkanda bila kuacha doa na kuosha karatasi mpaka isinuke dawa. Alinifundisha pia jambo ambalo hakuliita somo, nalo ni kumshuku kila anayekaa mbele ya kamera. Watu walirudi mara ya pili wakiwa wamefunga kitambaa kingine kichwani, ili wapate kadi mbili za chakula. Mwanamke alikuja na watoto wanne, kesho yake watoto wale wale wakaja na mwanamke mwingine. Sisi wa picha ndio tuliotegemewa kuwatambua. Sijui ni watu wangapi walikosa chakula kwa sababu ya macho yangu. Siku hizo nilijivunia.

Kambi zilipofungwa nilifungua studio Ngara mjini, na mpaka leo ndiyo inayonilisha. Siku hizi picha ni za simu na kompyuta, mtu anapiga na kuondoka na yake baada ya dakika tano. Lakini chumba changu cha giza sikukivunja. Mashine ya kukuzia ipo, mabeseni yapo, na dawa nilikuwa naagiza kwa rafiki yangu wa Mwanza, ananitumia kwa basi. Mke wangu alikuwa akiniuliza chumba kile kina faida gani, nami namjibu kwamba fundi hatupi vyombo. Ukweli ni kwamba kule ndani nilikuwa bora kuliko mtu yeyote wilayani, na hakuna aliyejua.

Ndipo akaja yule nesi.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, Msukuma wa Nyabusozi, kule Biharamulo, ambako wazazi wake walihamia na ng'ombe wao kabla hajazaliwa. Serikali ilikuwa imempangia zahanati moja ya huku Murusagamba, karibu na mpaka. Aliingia na mfuko wa khaki, ile mifuko ya kutilia vidonge.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Nimeambiwa wewe ndiye bado unasafisha mikanda ya zamani."

Akamimina mezani mikanda mitano ya rangi nyeusi na nyeupe. Niligeuza mmoja nikasoma pembeni. Muda wake ulikuwa umekwisha zamani.

"Umeitoa wapi?"

"Kuna daktari mgeni alikuja kutusaidia. Alipoondoka aliniachia kamera na mikanda yake."

"Alikuandikia barua?"

"Barua ya nini?"

"Ya kuonyesha kwamba alikupa."

Alinitazama, kisha akaitazama mikanda. "Hapana," akasema. "Alinipa tu."

Sikumwamini. Kamera ya namna ile haiachwi kama kandambili. Nilimwambia aje baada ya wiki mbili, na alipotoka niliandika kwenye daftari siku aliyokuja, saa, na nguo aliyovaa. Kitenge cha kijani, sweta jeusi. Nilifikiri kuna siku polisi wataniuliza.

Mikanda mitatu ya kwanza ilinifurahisha, na sababu ya furaha hiyo si nzuri. Ilikuwa mibaya. Picha zimepinda, mwanga hautoshi, mlango umepigwa bila mtu, mtu amepigwa mgongo, kuna moja ambayo nusu yake ni kidole chake mwenyewe. Nilizipitia mbele ya taa huku nikisema moyoni, huyu hajui hata kushika kamera. Katika mkanda wa nne nikakutana na mama.

Kwenye negativu hakukuwa na mengi ya kuona. Mwanga ulikuwa haba mno, kama maji ya mto yaliyovurugwa. Niliiweka kwenye mashine, nikachapa, ikatoka nyeusi. Nikachapa tena. Nilizuia mwanga kwa kiganja upande mmoja, nikauongeza upande mwingine kwa tundu la karatasi, nikabadilisha dawa, nikarudia mara saba. Ya nane niliitoa kwenye beseni nikaitundika, nikasimama.

Ni mwanamke mzee ameketi kwenye benchi la zahanati. Kichwa hakipo; picha imemkata juu ya kidevu. Unaona shingo yenye mishipa, unaona mikono miwili imeshika kitenge kipya kilichokunjwa, chenye michoro ya ndege. Vidole vimekibana kile kitenge kama mtu anayeshikilia kamba ya kisima. Nyuma yake kuna mlango uliofunguka kidogo, na ndani ya mlango ni giza tupu. Basi. Lakini ukiitazama unajua kwamba ndani ya lile giza kuna mtu anajifungua, na kwamba mambo hayaendi vizuri, na kwamba huyu mama hana la kufanya ila kushika kitenge.

Mimi nimepiga maelfu ya watu. Wote wana vichwa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunisimamisha hivyo.

Fikra yangu ya kwanza ilikuwa kwamba si yeye aliyeipiga. Ni daktari. Nesi amechukua kamera pamoja na mikanda iliyokwisha kupigwa, sasa anataka kujifanya mpiga picha. Aliporudi nilimngojea kama mpelelezi.

"Kitundu cha lenzi ulikiweka namba ngapi hapa?"

"Sijakigusa. Kipo alivyokiacha daktari."

"Na kasi?"

"Kasi ya nini?"

"Na kwa nini umetumia nyeusi na nyeupe?"

"Ndiyo aliyoniachia," akasema. Alikuwa mnyoofu hadi nikamshuku zaidi.

Nikamwambia anipige mimi, pale pale, na kamera yake. Aliitoa kwenye kitambaa. Sikumwelekeza chochote. Nilikaa kwenye kiti cha wateja, akawa anazungukazunguka, mara ananiuliza habari za mke wangu, mara anaangalia fremu ukutani. Mimi nilikuwa naangalia mkoba wake, nikijiuliza kama fremu yangu ndogo ya mezani bado ipo. Nikasikia kamera imelia.

"Mbona hujanihesabia?"

"Samahani baba. Imeshapita."

Nilisafisha mkanda ule kesho yake. Fokasi haikuwepo usoni, ilikuwa kwenye bega. Lakini yule mtu wa kwenye picha alikuwa ameinamisha kichwa upande, jicho moja limefinywa, anautazama mkoba wa mwenzake kama mwenye duka anavyomtazama mtoto aliyekaribia ndoo ya pipi. Nilikuwa mimi. Mke wangu angeiona angesema, "Huyo ndiye wewe hasa." Sikumwonyesha. Niliikunja nikaitia kwenye ndoo ya taka pamoja na dawa iliyochakaa. Nikajua kwamba picha ya mama ni ya nesi kweli, na hilo halikunipa raha.

Nilimkabidhi negativu zake na picha alizoziomba. Ile ya nane, iliyotoka vizuri, sikumpa. Nilimpa ya sita, yenye doa pembeni. Nilijiambia kwamba ya nane ni kazi yangu. Nani aliyekaa siku nzima na kiganja chake chini ya taa? Yeye alibonyeza kitufe mara moja, na kwa makosa. Kichwa cha mtu amekikata. Kama nisingekuwepo mimi, pale pangekuwa na karatasi nyeusi. Hoja hizi nilizirudia mara nyingi, na nadhani mtu mwenye haki harudii hoja zake mara nyingi namna ile.

Nikaiweka kwenye fremu, nikaitundika dirishani.

Miezi ikapita. Siku moja akapita padri wa parokia yetu, akasimama nje akiwa ameshika kofia. Akaingia.

"Mzee, hii picha ni ya hapa hapa?"

"Ya Murusagamba, padri."

"Miaka yote hii nakuona mtu wa pasipoti. Kumbe una jicho."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Maneno yalikuwa machache sana: si yangu, ni ya nesi wa zahanati. Nilifungua kinywa nikasema, "Ilikuwa na mwanga mgumu, padri." Jambo ambalo ni kweli. Nimejifunza kwamba uongo wangu mwingi hupita katika mlango huo, wa kusema ukweli mwingine.

Aliomba aitumie kwenye kalenda ya parokia ya mwaka uliofuata. Nikakubali. Kalenda ikatoka: karatasi moja kubwa, miezi kumi na miwili chini, picha juu, na maandishi yaliyochaguliwa na kamati: Mama Ni Nguzo ya Familia. Pembeni, kwa herufi ndogo, jina la studio yangu. Zikasambazwa kwenye vigango vyote vya parokia. Kwa mwezi mzima watu walinisimamisha sokoni. Mwalimu mkuu mmoja alinishika mkono akakataa kuuachia. Niliipenda sifa ile kuliko ninavyoweza kueleza, na wakati huo huo kila mtu aliyenisifu nilimchunguza usoni nione kama anajua.

Nesi alikuja mwishoni mwa Januari. Kalenda alikuwa ameiviringisha kama mkeka mdogo. Hakunisalimu kwa shikamoo. Alisema habari za leo, kama mtu anayeingia ofisini.

"Ile picha uliyonipa ina doa," akasema. "Hii haina doa."

"Keti kwanza, nesi."

"Nitasimama. Yule mama amenijia zahanati mbele ya watu. Amesema nimeuza mikono yake kwa kanisa. Tangu juzi akina mama watatu wameenda kujifungulia nyumbani. Wanasema nesi anakupiga picha ukiwa na uchungu, kisha anakutundika ukutani. Wengine wanasema napeleka sura za watu kwa uhamiaji." Aliiweka kalenda mezani, haikujikunjua. "Mimi pale ni mgeni, baba. Kihangaza changu ni cha kuombea maji. Nilikuwa na kitu kimoja tu, wananiamini."

Nilianza kumweleza habari ya mwanga, kiganja, mara nane. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Sikatai umefanya kazi," akasema. "Nakuuliza kwa nini hukusema."

Nilimuuliza anataka nifanye nini, akasema niende naye nikamwambie yule mama kwa mdomo wangu, kwa lugha yake, Kihangaza.

Tulikwenda kwa bodaboda mbili, yeye mbele, mimi nyuma nikila vumbi lake. Barabara ya Murusagamba inajulikana. Mahali pengine dereva alinishusha nikatembea huku akiipitisha pikipiki kwenye makorongo. Njiani nilikuwa bado nashuku. Nilifikiri labda wamepanga na ndugu za yule mama, nikifika nitakuta wanaume wamenisubiri. Nilimwambia dereva asizime injini akifika. Akacheka.

Hapakuwa na wanaume. Mama alikuwa uani anaanika maharage kwenye turubai, na nilimtambua kabla sijamwona uso, kwa vidole. Mkwe wake, mwanamke kijana mkimya, alitutolea vigoda. Nilimwamkia kwa Kihangaza. Akaitikia bila kuacha kutandaza maharage. Mlangoni, ndani ya nyumba, niliona kalenda imetundikwa kwa msumari, imegeuzwa, upande mweupe ndio unaotazama watu.

Nilisema. Nilisema kwamba nesi hakuuza kitu, kwamba picha alinipa niisafishe tu, kwamba mimi ndiye niliyeitundika, mimi niliyeitoa, na jina lililoandikwa pale ni la studio yangu na halikustahili kuwepo. Yule mama alinisikiliza akiokota vijiwe kwenye maharage. Nilipomaliza aliniuliza swali moja.

"Kilikuwa cha nini, kile kitenge, unajua?"

"Sijui, mama."

"Nilikinunua kumpokelea mjukuu. Tulimzika nacho. Sasa nimeamka asubuhi mwanangu ananiletea kutoka kanisani, kimeandikwa nguzo ya familia."

Mkwe aliinuka akaingia ndani.

"Amesema nini?" nesi akaniuliza. Nikamtafsiria. Alinikazia macho. "Amesema hayo tu? Umetafsiri yote?"

"Yote."

"Mwulize tena."

Nikamwuliza tena yule mama, na nesi akasikiliza kila neno kana kwamba anahesabu vidonge. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa nimekaa mimi mbele ya shuka jeupe. Nilikuwa nasema kweli na haikunisaidia.

Kisha yule mama akasema jambo ambalo sikulitarajia. Akamwonyesha nesi kwa kidole chenye vumbi la maharage, lakini akanitazama mimi. "Huyu sikumkasirikia kwa kunipiga. Aliniomba. Hatukuwa na lugha, lakini aliniomba, akainua kamera akanionyesha. Nami nikafanya hivi." Akapitisha kiganja mbele ya uso wake, kutoka paji mpaka kidevu. "Nikamwambia sura yangu hapana, siku kama hii sura yangu hapana. Akainamisha kamera. Akanionyesha kwa mkono atapiga mpaka wapi. Akatimiza. Kwa hiyo nilipoiona kwenye kalenda nikasema, mtu aliyetimiza lile, kwa nini amefanya hili?"

Niliitafsiri hiyo polepole. Nesi aliinamisha kichwa, akasema kwa Kiswahili, "Ndiyo. Ilikuwa hivyo."

Mimi nilikuwa nimezunguka mwaka mzima na hoja yangu ya kichwa kilichokatwa kwa makosa. Nilikuwa nimeirudia hata mbele ya mke wangu: hajui kupanga fremu, ni bahati tu. Kumbe ule mstari juu ya kidevu ulikuwa ni makubaliano. Alikuwa amesimama pale, ndani kuna mwanamke anakaribia kufa, mbele yake kuna mama asiyejua lugha yake, na akajua mahali pa kukata. Mimi na kiwiko changu cha kupimia dawa nisingejua. Ningemwambia inua uso, mama, tazama hapa.

"Nifanye nini?" nikamwuliza yule mama.

"Waambie walioiona," akasema. "Mimi siwezi kuzunguka vigango vyote."

Nilikwenda kwa padri kesho yake. Nilipomweleza yote akasema kalenda haziwezi kurudishwa, zimeshatundikwa, lakini matangazo ya Jumapili yapo. Nilimwomba anisomee yeye. Akakataa. Nikasimama mimi mwenyewe baada ya komunyo, nikasema picha ya kalenda ilipigwa na nesi wa zahanati, kwa ruhusa ya mwenye mikono, na mimi niliitoa bila ruhusa ya yeyote kati yao. Mwalimu mkuu yule hakunishika mkono siku hiyo. Jumapili iliyofuata nilisema maneno yale yale katika kigango cha Murusagamba. Yule mama alikuwa amekaa nyuma. Hakunitazama, lakini alikuja.

Akina mama walirudi zahanati, si wote na si mara moja. Nesi aliniambia hilo miezi kadhaa baadaye, aliponiletea mikanda miwili ya mwisho aliyoachiwa na daktari. Sikutegemea kumwona tena.

"Sikuletei uisafishe," akasema. "Nataka kusafisha mwenyewe. Nifundishe."

Nilimfundisha. Alikuja kila alipopata siku ya mapumziko. Mikono yake ilikuwa ya haraka kwa sindano na mizito kwa mkanda. Aliharibu karatasi nyingi, picha zake zilitoka na madoa na alama za vidole, na mara ya kwanza alisahau kabisa kuosha. Nilikuwa nafahamu kila kosa kwa harufu tu, nikiwa nje ya mlango. Nje, kwa sababu hilo ndilo sharti lake: akishajua hatua, anaingia peke yake na komeo analifunga kwa ndani. Negativu anaondoka nazo zote, akizihesabu mbele yangu moja moja kabla ya kuzitia kwenye mfuko wa khaki.

Nimejaribu na mimi. Nilinunua mkanda mmoja, nikaenda nao vijijini. Nikapiga mikono ya watu, migongo, milango. Kila kitu kilitoka kikali kama wembe, mwanga sawasawa, hakuna doa. Nilimwonyesha. Alizitazama zote kwa adabu, akaniuliza mmoja wa wale wazee aliniambia nini nilipompiga. Nikasema hakuniambia kitu, sikumwuliza.

Juzi alikuja tena. Mvua ilikuwa imenyesha na dawa ilikuwa ya baridi. Aliingia, akafunga komeo, kisha nikasikia sauti yake nyuma ya mlango.

"Baba, joto likipungua hivi naongeza dakika ngapi?"

Nilimwambia.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Nikamsikia akigeuza kurasa za daftari lake, anatafuta mahali alipoandika jibu langu la siku nyingine, alinganishe.